Kizibo cha Mama Usiguse

Kwenye mlango wa chumba cha mawe, ghorofa ya chini ya jengo la makumbusho, palikuwa na karatasi iliyobandikwa siku nyingi mpaka gundi ikageuka kahawia. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa: USIGUSE. Chini yake, kwa herufi za wastani: USIMIMINE KITU KABLA HUJASOMA LEBO. Na chini kabisa, kwa kalamu ya mkono na hasira ya wazi: NA WEWE PIA. Aliyeandika yote hayo alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani ya kamba shingoni na ulimi usio na breki. Wafanyakazi wenzake walimwita Mwalimu wakiwa mbele yake, na Mama Usiguse akishawapa mgongo. Jina hilo la pili alilijua vizuri sana. Alijifanya halijui kwa sababu, tuseme kweli, lilimpendeza.

Kazi ya chumba kile ilikuwa kuunganisha mawe. Watu wa kale, wale walioishi kabla mtu yeyote hajaandika hata herufi moja, hawakuacha barua wala picha za harusi. Waliacha vilivyowaponyoka mikononi. Mtu alichukua jiwe, akaligonga kwa jiwe jingine ili apate kipande chenye makali cha kuchunia ngozi, na kila alipogonga vilianguka vibanzi. Alichokitaka aliondoka nacho. Takataka aliziacha pale pale alipokaa, na ni takataka hizo zilizomlisha Mwalimu maisha yake yote. Ukivikusanya vibanzi vyote, ukakirudisha kila kimoja mahali kilipobanduka, jiwe linasimama tena mbele yako, likiwa na shimo la kile kilichochukuliwa. Hapo unajua mtu yule alianza wapi, akafuatia wapi, wapi alikosea na wapi alijirekebisha.

"Nionyesheni kazi nyingine," Mwalimu alipenda kuwaambia wageni, "ambayo mtu anaweza kukwambia kwamba fulani, ambaye hata mifupa yake haipo tena, mchana mmoja alibadilisha mawazo."

Wageni walicheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Mwanafunzi wake wa mwisho kabla ya kustaafu alikuwa binti wa mdogo wake. Kazini walimwita Plasta, maana alikuwa anajifunza kugonga mawe yeye mwenyewe, ili ajue mkono unavyohisi, na vidole vyake havikuwahi kukosa plasta. Binti huyo aliishi kwa mama yake mkubwa tangu alipoanza sekondari. Nyumbani alimwita Mama Mkubwa, akikatiza geti la makumbusho akamwita Mwalimu, na Mwalimu naye hakumwita mwanangu mpaka watoke nje ya geti hilo jioni. Hayo yalikuwa makubaliano yao. Mwalimu hakutaka mtu aseme binti amebebwa.

Lakini kumbeba alimbeba, jamani, labda hakujua tu. Binti akianza kukunja nguo, Mama Mkubwa anamalizia. Binti akianza kusimulia jambo mezani, Mama Mkubwa anadakia na kulifikisha mwisho. Siku ya mahafali yake ya kwanza binti alifunga kitambaa kichwani kwa namna aliyoipenda mwenyewe, na mbele ya kamera Mama Mkubwa akakifungua na kukifunga upya. Picha hiyo ipo sebuleni. Binti anacheka kwa mdomo, macho yanasema mengine.

Mawe yaliyomkondesha Plasta yalitoka kwenye uchimbaji kando ya mto mkavu. Pale, chini ya tabaka nene la majivu ya volkano, majivu yaliyomwagika kwa ghafla na kufunika kila kitu bila kuguswa tena, timu ilikuta marundo mawili ya vibanzi yakitazamana. Katikati palikuwa na nafasi tupu, kama ile inayobaki watu wawili wakikaa chini magoti kwa magoti. Rundo moja lilikuwa la fundi. Vibanzi vyake vilikuwa vyembamba, virefu, vinavyolingana, raha kuvitazama. Rundo la pili lilikuwa aibu tupu. Vibanzi vifupi, vinene, vimepondeka ukingoni kwa kugongwa pale pale, tena na tena, na mtu asiyejua kwa nini jiwe halikubali. Wengi walisema hayo ni mawe yaliyogongana mtoni yakajivunja yenyewe. Plasta alisema hapana, huyo ni mtu. Huyo ni mtu aliyekuwa anajifunza.

Basi akaanza kuunganisha lile rundo la aibu. Kibanzi kwa kibanzi, akivishika kwa nta, akivirudisha kwenye jiwe mama, yaani lile jiwe vilikotoka. Alipofika katikati aliona jambo. Kulikuwa na mapigo mabovu, mabovu, mabovu, mpaka jiwe likaharibika kabisa. Kisha likaja pigo moja safi, lililoondoa sehemu yote iliyoharibika kwa mpigo. Halafu mapigo mabovu yakaendelea, ila yakiwa na afadhali kidogo. Yule fundi alilichukua jiwe, akalirekebisha mara moja tu, akamrudishia mwanagenzi wake. Tasnifu nzima ya Plasta ilisimama juu ya pigo hilo.

Na mtahini kutoka nje alikuwa amelikataa. Profesa huyo, mtu mrefu, mpole wa sauti, alikuwa na swali moja alilowauliza watu wote, kuanzia wanafunzi wake hadi mhudumu wa hoteli anayemwambia chai iko tayari: ushahidi uko wapi? Kwa hiyo aliitwa Profesa Uko-Wapi nchi nzima ya wasomi. Pembeni mwa tasnifu aliandika kwamba mtu mmoja anaweza kugonga vibaya mara nyingi na vizuri mara moja kwa bahati. Fundi aliyeingilia kati, ushahidi wake uko wapi? Alikuwa anakuja kuliuliza swali hilo ana kwa ana. Asiporidhika, tasnifu imeanguka, na rundo la mwanagenzi linarudi stoo likiwa na lebo ya mawe yaliyojivunja.

Asubuhi ya mtihani simu ya Mwalimu iliita akiwa bado anatafuta kiatu. Alikuwa mdogo wake, mama yake Plasta.

"Dada, leo mwache aseme mwenyewe."

"Kwani mimi nimesema nini?"

"Bado hujasema. Ndiyo maana nimepiga mapema."

"Mtoto wako yuko tayari, usiwe na wasiwasi naye."

"Yeye sina wasiwasi naye," mdogo wake akasema. "Nakuhofia wewe. Ulinifanyia hesabu zangu zote za shule ya msingi, dada, na mpaka leo nikienda sokoni nahesabia vidole."

Mwalimu alikata simu akiguna. Akamwacha binti anakunywa chai na kupitia maelezo yake, akatangulia kazini, eti akafungue madirisha.

Madirisha aliyafungua. Kisha akafuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa. Kisha akanyoosha viti. Mezani, chini ya kitambaa cheupe, ilikuwepo trei ya mchanga yenye vibanzi vya mwanagenzi, vimeachanishwa kutoka kwenye jiwe mama ili Plasta aviunganishe mbele ya watahini. Havikuwa vimeandikwa namba, maana wino ungeziba alama ndogondogo za makali ambazo bado hazijapigwa picha. Pembeni ya trei palikuwa na mfuko wa kitambaa uliofungwa kamba. Mwalimu akaubonyeza. Mawe. Akaufungua kidogo, akaona vibanzi vya kijivu, vifupi, vibovu, vile vile.

"Huyu mtoto," akanong'ona, "amesahau kuvimimina vyote."

Miwani yake ilikuwa inaning'inia kifuani, mahali ambapo haimsaidii mtu. Lebo ya mfuko ilikuwa upande wa chini. Karatasi ya mlangoni, yenye NA WEWE PIA, ilikuwa mgongoni kwake. Mama Usiguse akaumimina mfuko wote kwenye trei, akavisambaza vibanzi kwa kiganja chake cha upendo, akafunika kitambaa, na akajisikia vizuri sana.

Mtihani ulianza jua likiwa limeshaingia dirishani. Walikuwa wanne. Plasta alisimama upande mmoja wa meza akiwa na koti jeupe. Profesa Uko-Wapi alikaa upande wa pili, mfukoni ana lenzi yake ya kukuzia. Mkurugenzi wa makumbusho alikaa kichwani mwa meza kama mwenyekiti. Huyu alikuwa mtu wa amani kupita kiasi, anayeweza kuwaomba radhi hata viti akivisogeza. Mwalimu, kwa kuwa ni msimamizi wa mtahiniwa, aliketi kando karibu na dirisha. Kanuni ilikuwa wazi kwamba msimamizi anasikiliza tu.

Plasta alieleza vizuri. Alieleza marundo mawili, nafasi ya magoti, tabaka la majivu. Profesa aliitikia kwa kichwa bila kuonyesha kama anakubali au anahesabu makosa.

"Nimesoma yote hayo," alisema mwishoni. "Sasa nataka kuviona vyenyewe."

Akafunua kitambaa. Akavisogezasogeza vibanzi kwa ncha ya penseli, kimoja baada ya kingine, mpaka penseli ikagonga kitu kikatoa mlio usio wa jiwe. Akainama. Akakiokota kwa vidole viwili, akakipuliza vumbi, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kizibo cha soda, kimebondwa kikawa bapa.

"Watu hawa wa kale," aliuliza taratibu, "walipendelea soda ya namna gani?"

Mkurugenzi alicheka, akaona wengine hawacheki, akaacha.

Kizibo kile Mwalimu alikijua. Kila mtu wa fani ile anayejifunza kugonga mawe ana kanuni moja asiyoichezea. Takataka zako zinafanana kabisa na za watu wa kale, kwa hiyo tandika turubai, kusanya kila chembe, na changanya humo kitu cha siku hizi, ili atakayeziona kesho asidanganyike. Wengine huweka kipande cha plastiki. Plasta aliweka kizibo kilichobondwa. Ule mfuko ulikuwa wa mazoezi yake ya kambini, aliyoyafanya kwa mawe ya mto ule ule, na aliuleta mezani iwapo ataulizwa alijifunzaje. Na balaa lenyewe ni kwamba mawe ya chini ya majivu yalizikwa upesi, hayakushika ukoga wa uzee. Mvunjiko wake ulikuwa mpya kama wa jana. Jicho peke yake, hata jicho la Mwalimu, lisingeweza kutenganisha.

Plasta aliitazama trei. Akautazama mfuko uliolala mtupu.

Mwalimu akasimama. Hakujiuliza mara mbili.

"Ni mimi," akasema. "Nimemimina mimi asubuhi hii. Sikusoma lebo. Mtahiniwa hana kosa."

Mkurugenzi, bila kukusudia, aligeuza shingo akautazama mlango ulioachwa wazi na ile karatasi yake, kisha haraka haraka akatazama dari.

"Nakushukuru kwa ukweli wako, Mwalimu," Profesa alisema, na wala hakusema kwa kejeli. "Lakini trei imechafuka. Nusu pengine ni ya kale, nusu ni ya kambini. Hakuna anayeweza kusema kipi ni cha lini. Sioni cha kutahini hapa."

Akaanza kufunga jalada lake.

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke. Aibu yake mwenyewe angeivumilia, ana umri wa kuivumilia. Lakini kazi yote ya binti wa watu, vidole vyote vile, imwagike kwa sababu ya kiganja chake? Na kilichomchoma zaidi ni kwamba njia ya kutokea alikuwa anaiona. Ilikuwa mezani pale, wazi kabisa. Hata kibanzi cha kuanzia alikuwa ameshakiona, kile chenye pembe tatu karibu na ukingo wa trei. Mkono wake ulikuwa tayari umefika nusu ya njia. Angekamata trei, angewaonyesha, angemaliza jambo kabla Profesa hajafikisha zipu ya begi mwisho.

Ndipo akauona uso wa binti. Plasta hakuwa anamtazama yeye kuomba msaada. Alikuwa anautazama ule mkono wake unavyokuja, kwa macho yale yale ya kwenye picha ya sebuleni.

Mwalimu akashika ukingo wa trei. Hakuchukua kibanzi. Akaisukuma trei mezani taratibu, ikateleza mpaka mbele ya binti.

"Endelea, mwanangu," akasema.

Neno la nyumbani lilikuwa limeshatoka, tena mbele ya mtahini, halirudi. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akaikalia mikono yake yote miwili.

Plasta alivuta pumzi. Kisha alifanya kitu ambacho Mkurugenzi hakukielewa hata kidogo. Alianza kubandua plasta, kidole baada ya kidole, akazipanga ukingoni mwa meza. Kidole chenye plasta hakihisi ukingo wa jiwe.

"Profesa," alisema, "naomba usifunge begi bado. Mkurugenzi, samahani, ufunguo wa kabati unao wewe. Naomba unitolee jiwe mama la mwanagenzi. Hilo halikuwa mezani asubuhi, kwa hiyo hilo hakuna aliyeligusa."

Mkurugenzi aliinuka kama askari. Jiwe lilikuja, kubwa kiasi cha kiganja, limejaa makovu.

"Hili lilitoka chini ya majivu, na majivu hayakuwa na ufa wala shimo la panya. Picha mnazo," Plasta akaendelea. "Sasa sitawaomba mniamini. Profesa, chagua kibanzi unachokishuku kuliko vyote."

Profesa alimtazama kidogo. Akachagua kimoja, kibaya kuliko vingine, kimepondeka kama meno ya mzee. Plasta alikipokea, akafumba macho, akakizungusha vidoleni. Akakipeleka kwenye jiwe mama. Hakikukaa. Akakigeuza. Kikaingia kwa mlio mdogo, tik, na ufa ukapotea.

Profesa alitoa lenzi yake. Akakaa nayo pale kwa muda mrefu.

"Kingine," alisema.

Ikawa hivyo. Profesa anachagua, Plasta anatafuta. Vingine vilikaa juu ya jiwe mama, vingine vilikaa juu ya vibanzi vilivyotangulia, safu juu ya safu, na kila kilichofunikwa na chenzake hakikuwa na shaka tena, maana huwezi kukipata cha katikati bila kukibandua kwanza cha juu. Vingine havikukaa popote. Hivyo Plasta alivitenga kwenye kitambaa bila kuona haya.

"Hivyo vya kwenye kitambaa ni vya nani?" Profesa aliuliza.

"Vyangu. Vya kambini."

"Ushahidi uko wapi?"

Mkurugenzi alifumba macho kwa uchungu. Lakini Plasta, ajabu, alitabasamu kidogo.

"Nilijua utauliza," akasema, akaanza kuviunganisha na hivyo.

Chai iliyoletwa ilipoa ikafanya utando. Jua lilihama dirisha la kwanza likaingia la pili. Mwalimu, juu ya mikono yake iliyokufa ganzi, alimtazama binti akifanya kazi. Mara mbili alikosea mahali, na mara mbili Mwalimu alijua kosa kabla yake, akauma ulimi mpaka akausikia. Na mara zote mbili binti alisita, akakirudisha kibanzi mezani, akaona mwenyewe. Kifua cha Mwalimu kilianza kujaa kitu ambacho alikuwa hajawahi kukipa nafasi, kwa sababu siku zote alikuwa ameshamaliza kazi yeye kabla hakijafika.

Jiwe la kambini likasimama, limekosa vipande vichache tu. Plasta akaliweka kando ya lile la kale. Akalitazama. Akaligeuza. Akapitisha kidole kwenye makovu yake, mara ya pili, ya tatu, mpaka Mkurugenzi akakohoa.

"Profesa, njoo upande huu tafadhali."

Profesa alizunguka meza.

"Kwenye jiwe la kale, mapigo ya mwanagenzi yote yanatoka upande mmoja. Huku kwake. Unayaona? Sasa lile pigo safi, ulilosema ni la bahati, nilikuwa nimeliandika kwamba linatokea upande wa pili. Nililiandika kwa sentensi moja tu. Sikujua maana yake."

"Endelea."

"Hili lingine nililigonga mimi wakati wa mapumziko ya mchana, siku za mwanzo kabisa. Nilipondaponda ukingo kama mwanagenzi huyu, pale pale, tazama. Likaniharibikia. Halafu kuna pigo moja hapa katikati, safi. Hili siyo langu, Profesa. Wakati ule hata kwa ndoto nisingeliweza. Na limetokea upande wa pili."

Akainua uso.

"Mwalimu alikuwa amekaa mbele yangu, magoti kwa magoti. Alilichukua, akaligonga mara moja, akanirudishia. Hakuligeuza. Mtu aliyekukalia mbele akichukua jiwe lako na kulipiga hivyo hivyo lilivyo, pigo lake linatokea upande wake. Bahati haihami upande. Anayekaa upande wa pili ni mtu mwingine."

Profesa Uko-Wapi aliweka lenzi kwenye jiwe la kale, akahamia la kambini, akarudi la kale. Kisha akageuka kwa Mwalimu.

"Ni kweli? Ulikaa mbele yake?"

Mwalimu alikuwa amesahau kabisa, na sasa alikumbuka yote. Turubai la bluu, mchana, yeye akilalamikia chai isiyo na sukari huku amelitwaa jiwe la binti na kulipiga bila hata kukatiza sentensi. Alikuwa ameshainua mkono apige tena, na la tatu, na kulimaliza. Binti akanyoosha kiganja chenye damu na vumbi. "Nipe," alisema, si kwa adabu sana. Naye akampa. Katika maisha yote ya mtoto yule hicho ndicho kitu pekee alichowahi kumrudishia kabla hakijaisha.

"Nilikaa mbele yake," alijibu. Machozi yalikuwa yameshafika, akayaachia yapite, liwalo na liwe.

Profesa alirudi kwenye kiti chake. Akafungua jalada, akatafuta ule ukurasa aliouandikia pembeni, akayakata kwa mstari maneno yake mwenyewe. Akafunga.

"Nimekuja hapa kuangusha pigo moja," alisema. "Naondoka nikiwa nimeona mawili. Mwenyekiti, upande wangu sina zaidi. Hongera, Daktari."

Mkurugenzi alipiga makofi peke yake, akaona haya, kisha akaendelea kupiga hivyo hivyo. Plasta alisimama kana kwamba aliyeitwa Daktari yuko nyuma yake. Halafu akacheka, safari hii kwa mdomo na macho pamoja, akainama kuzikusanya plasta zake kwa sababu hakujua mikono aipeleke wapi.

Mwalimu hakwenda kumkumbatia mara moja. Alikaa pale pale akimwangalia, amevimba kwa fahari mpaka vifungo vya blauzi vinamlalamikia. Mdogo wangu, aliwaza, leo nikikupigia simu utachoka kunisikiliza.

Profesa alikuwa anafunga begi lake karibu na dirisha.

"Nina swali moja, halimo kwenye mtihani," alimwambia Plasta. "Fundi yule wa kale alikuwa na jiwe zuri mkononi, ameshalirekebisha. Angelimaliza mwenyewe kwa dakika chache. Kwa nini alirudisha?"

Plasta alifikiri. "Jiwe halionyeshi hilo, Profesa. Sijui."

"Vizuri," Profesa alisema, na ilionekana jibu lile lilimfurahisha kuliko yote. Akamgeukia Mwalimu, akashusha sauti. "Na wewe? Wewe ulikuwepo."

"Alinidai jiwe lake," Mwalimu alisema. "Nikamwona alivyonitazama, nikajivunia."

"Na yule wa chini ya majivu?"

"Yeye pia alijivunia."

Profesa aliinua nyusi. Mazoea ni kitu kibaya, swali lilimtoka lenyewe.

"Ushahidi uko wapi?"

Mwalimu hakugusa kitu. Alielekeza kidevu tu kwenye meza, aliposimama binti wa mdogo wake mbele ya mawe mawili, vidole wazi, anahangaika kubandika plasta kwa mkono wa kushoto, anakosea, na haharakishi kuomba asaidiwe.

"Ule pale," akasema.